Unasita Kwenda Kuacha Unga? Mwongozo Kamili, Kuanzia Leo Jioni Hadi Kikombe cha Methadoni

Mara ya kwanza nilipokwenda kuacha unga, yaani heroini, niliishia getini. Dada yangu alinipa nauli ya kwenda na kurudi, nikapanda daladala, nikashuka kituo cha hospitali, kisha nikasimama ng'ambo ya barabara karibu nusu saa nikiwatazama watu wanaoingia na kutoka. Nikageuka. Nauli ya kurudi ikaishia kwenye kete, kipakiti kidogo cha unga, nikatembea kwa miguu hadi Temeke. Ilipita miezi kumi na minne kabla sijafika tena pale.

Kwa hiyo unayesita nakujua. Siku hizi nawasindikiza wengine, na sijakutana na teja, mraibu wa unga, ambaye hataki kuacha. Nimekutana na anayetaka saa mbili asubuhi na asiyetaka saa tatu, naye ni mtu yule yule. Nia ya mraibu hujaa na kupwa kama maji ya bahari. Tunachokosea ni kusubiri siku itakayojaa moja kwa moja, isipwe tena. Mimi niliisubiri miaka tisa. Kinachowezekana ni kutengeneza njia wakati maji yamejaa, ili yakipwa ukute njia ipo tayari na huna la kuamua upya.

Nitazungumzia zaidi heroini na kliniki za methadoni, dawa ya hospitali ya kumtibu mraibu wa heroini, kwa sababu ndiko nilikopita. Wa pombe naye nina neno lake, tena la haraka, usiliruke.

Hatua ya kwanza: Ipe hofu yako jina

"Bado sijawa tayari" ni pazia. Nyuma yake kuna kitu. Tafuta karatasi, au simu kama unayo, uandike kitu hicho kwa maneno yako mwenyewe. Nitakutajia vile ninavyovisikia kila wiki.

Arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga. Hii ndiyo mama yao. Umeshalala nayo, unajua inavyovunja mifupa, kuhara, kutapika, makamasi, miguu inayopiga teke usiku kucha. Huanza kati ya saa sita na kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, kisha inapungua ndani ya wiki moja hivi. Wengi hawaendi kliniki kwa sababu wanaamini lazima wapite huko kwanza: uache, uteseke, ndipo upokelewe. Sivyo. Kliniki ya methadoni hupokea mtu ambaye bado anatumia. Wanakupima mkojo kuhakikisha kwamba unatumia kweli, wanakuanzishia dawa, na kazi ya dawa hiyo ni kuishika arosto. Ningalijua hili mapema, nisingesimama ng'ambo ya barabara.

"Methadoni ni unga wa serikali, unabadilisha jela kwa jela." Maneno haya yanatoka maskani, kijiweni tunakotumia, na mara nyingi anayeyasema ni yule anayeuza au yule ambaye hataki kubaki peke yake. Jibu lake ni hili. Heroini inakaa mwilini saa chache tu, ndiyo maana siku yako nzima ni kutafuta, kutumia, kutafuta tena. Methadoni hunywewa mara moja, inashikilia siku nzima, na ikishafikia kipimo chako haikupandishi wala haikuangushi. Unaamka, unakunywa, unakwenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Ni kweli mwili unaizoea, na ukitaka kuiacha utashushwa polepole kwa miezi mingi. Sikufichi hilo. Lakini mwili uliozoea dawa ya hospitali na maisha ya kuruka kuta usiku ni vitu viwili mbalimbali.

Pesa. Tanzania dawa yenyewe ni bure kwenye kliniki za serikali. Gharama ni nauli ya kila siku, na nauli hii imewarudisha watu wengi kuliko arosto. Usiidharau. Piga hesabu sasa: kliniki ipo wapi, ni daladala ngapi, nani atabeba wiki mbili za kwanza. Baadhi yetu tulihamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali, wengine walitembea. Ulikuwa unapata pesa ya kete kila siku, mara mbili, mara tatu. Nauli utaipata, ila ipangie kabla.

Polisi. Kwenda kutibiwa si kosa. Faili lako ni faili la mgonjwa. Kinachoweza kukutia matatani njiani ni kete au bomba la sindano lililo mfukoni, kwa hiyo usiende navyo.

Akina dada wana hofu nyingine kubwa: watoto. "Wakijua natumia, watanichukulia mwanangu." Na wajawazito wanaogopa kutukanwa pale mapokezi. Nisikilize, dada yangu: ukiwa mjamzito usiache unga ghafla peke yako nyumbani, kwani arosto kali inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Methadoni ndiyo inayopendekezwa kwa mjamzito, na mtoto akizaliwa na dalili za arosto hospitali wanajua kumhudumia. Mwambie mhudumu kuhusu mimba siku ya kwanza kabisa, na kama unaogopa kwenda peke yako, omba mwelimisha rika mwanamke akusindikize.

Na ile ya mwisho, inayosemwa kwa sauti ndogo: "Nilishajaribu." Soba, zile nyumba za kukaa waraibu wanaoacha, mara mbili, kijijini kwa bibi mara moja, maombi, kisomo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu jinsi ulivyo. Jiulize kitu kimoja tu: mara ile ya mwisho ulirudia lini na ukiwa na nani? Jibu hilo nenda nalo kliniki, litamfaa mshauri kuliko historia yako yote.

Hatua ya pili: Jua unachotumia, chote

Mlango unategemea sumu. Methadoni ni ya heroini na jamii yake. Haitibu bangi, haitibu mirungi, haitibu kokeini. Kwa hizo utahitaji ushauri nasaha, vikundi, pengine daktari wa afya ya akili.

Sasa lile neno la pombe. Kama unakunywa gongo au pombe kali kila siku, na ukikosa asubuhi mikono inatetemeka na jasho linakutoka, usiache ghafla ukajifungia chumbani. Arosto ya unga inatesa lakini ni nadra iue yenyewe. Ya pombe inaweza kuua. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuchanganyikiwa kwa kuona vitu visivyokuwepo huja siku ya pili hadi ya nne. Nenda hospitali, waambie unakunywa kiasi gani, watakupa dawa ya kutuliza na vitamini B1 huku wakikuangalia. Na mtu akikuambia umfunge nduguyo mlevi kamba "hadi imtoke", kataa.

Anayechanganya unga na valiamu, vile vidonge vya usingizi, au pombe naye ajue kwamba mchanganyiko huo, ukikutana na methadoni, huzima pumzi. Hiyo si sababu ya kutokwenda. Ni sababu ya kusema ukweli ukifika.

Hatua ya tatu: Tafuta mlango ulio karibu

Kliniki ya kwanza ya methadoni ya serikali Tanzania Bara ilianza Muhimbili, Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha huduma ikatoka nje ya Dar es Salaam: Mbeya, Mwanza, Itega kule Dodoma, Bombo Tanga. Zanzibar ni Kidongo Chekundu. Kenya, Mathari jijini Nairobi ilifungua njia mwishoni mwa 2014, na pwani wakafuata Malindi na Kisauni.

Huhitaji kuanza kwa daktari. Njia rahisi ni asasi za kiraia zinazofanya kazi na waraibu. Wahudumu wao ndio wale wanaopita maskani wakigawa elimu, na wengi wao ni watu waliopata nafuu, kwa hiyo huna haja ya kuwaeleza arosto ni nini. Kliniki nyingi hutaka upitie kwao: wanakuandikisha, mnakutana mara kadhaa, wanakupeleka. Kama huwajui, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure Tanzania, 119. Piga, sema "nataka kuacha unga, nipo mahali fulani, niende wapi?" Hilo linatosha.

Fanya hivi leo, wakati maji yamejaa. Usiseme utapiga kesho ukiamka. Kesho ukiamka kuna arosto, na arosto haipigi simu.

Kuhusu soba. Zipo nzuri Zanzibar, Mombasa, Tanga, Bagamoyo, zinazoendeshwa na watu waliopita humo humo, na kwa mtu anayetaka kuondoka mtaani kabisa zinamfaa. Kabla hujalipa uliza: kuna mhudumu wa afya? Mtu akizidiwa usiku mnampeleka wapi? Naruhusiwa kuondoka? Ukisikia habari za minyororo au viboko, achana nayo. Mimi nilikaa sehemu moja tuliyochapwa kwa kuomba maji usiku wa arosto. Niliacha miezi mitatu, nikarudia wiki ile ile niliyotoka.

Hatua ya nne: Chagua mtu mmoja

Si ukoo mzima. Ukiitisha kikao cha familia utatoka ukiwa mshitakiwa: nani aliiba redio, nani alimliza mama. Hayo yana siku yake. Sasa unahitaji mtu mmoja asiyekuogopa na usiyemwogopa. Kama uhusiano na wazazi umeharibika, tumia njia tunayoitumia kwa mambo yote mazito: mtu wa kati. Shangazi, mjomba, jirani mzee, imamu au mchungaji anayejua kutunza siri. Mimi nilimtumia mke wa mjomba, kwa sababu ndiye pekee ambaye sikuwahi kumwibia.

Maneno yasiwe mengi. Kwa mfano: "Shikamoo shangazi. Nimekuja na jambo gumu. Natumia unga, unajua. Jumanne nataka kwenda kliniki. Siombi pesa mkononi. Naomba unisindikize, au umtume mtu, na nauli uishike wewe."

Angalia kilichokosekana humo: sijasema "naacha". Ulishaahidi kuacha mara mia, naye alishasikia mara mia, neno halina thamani tena kwenu wote wawili. Ahidi Jumanne tu. Jumanne inaonekana, ikifika ama umekwenda ama hukwenda.

Na wewe ndugu unayeambiwa maneno hayo: usihubiri. Usiulize kwa nini ulianza. Uliza saa ngapi. Asipotokea Jumanne, uliza kama Alhamisi itafaa.

Hatua ya tano: Usiku wa kuamkia na asubuhi yenyewe

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna kitu tunaita kete ya kwaheri. "Kesho naacha, acha leo nijipe ya kuagana." Mtu anaongeza kipimo, anachanganya na valiamu, analala, haamki. Hatari ni kubwa zaidi kama ulikuwa umetulia wiki kadhaa, rumande au wodini, maana mwili umeshasahau kipimo chako cha zamani. Usiage. Na kwa vyovyote usiwe peke yako usiku huo.

Lala kwa yule mtu wako kama inawezekana, au mahali ambapo njia ya kwenda kituoni haipiti maskani. Mimi mara ya pili nililala sebuleni kwa mjomba. Weka nguo tayari, viatu tayari. Weka pamoja kitambulisho chochote ulicho nacho, barua ya serikali ya mtaa kama asasi imekuambia uipate, na kadi zako za dawa: ya CTC, kliniki ya VVU, kama upo kwenye dawa za VVU, ya kifua kikuu kama unatibiwa. Simu mpe msindikizaji. Wauza wana kipaji cha kupiga saa moja asubuhi.

Ondokeni mapema, arosto ikiwa bado changa. Ukichelewa hadi saa nne, mwili utakuwa umeshaamua kwa niaba yako. Na kama uliamka usiku ukatumia? Nenda hivyo hivyo. Sikuambii utumie. Nakuambia kutumia usiku kusiwe sababu ya kutokwenda asubuhi. Wakikuona umelewa sana watakuambia usubiri au urudi kesho, na kesho unarudi ukiwa umeshaijua njia.

Getini miguu itakuwa mizito. Usisimame ng'ambo. Muombe msindikizaji atangulie, wewe umfuate ukimwangalia mgongo. Ni jambo dogo, lakini nimeona likifanya kazi kwa watu wazima wenye watoto wakubwa. Kama mtu wa mapokezi atakukaribisha vibaya, maana hutokea, usijibizane naye. Muulizie mshauri, au yule mtu wa asasi kwa jina lake. Mimi niliambiwa "mateja pembeni" mbele ya foleni nzima. Mke wa mjomba akanishika mkono tu, tukaenda kukaa huko pembeni, tukangoja.

Hatua ya sita: Ndani ya kliniki

Huenda usipewe dawa siku ya kwanza. Jiandae kwa hilo, usije ukaona umedanganywa. Kuna maswali, mkojo, damu, vipimo vya VVU, homa ya ini na kifua kikuu, na mikutano ya ushauri kabla ya kuanza. Uliza waziwazi: "Dawa naanza siku gani?" Waambie siku hizo za kungoja zinakutisha, wakupe mtu wa kuwasiliana naye.

Watauliza unatumia nini, kwa njia gani, kiasi gani. Mficha uchi hazai. Ukipunguza ili uonekane mwenye heshima, au ukiongeza ili upewe nyingi, unaweza kudhurika kweli. Taja pombe, taja vidonge. Taja dawa za kifua kikuu kwa sauti kubwa kabisa, kwa sababu rifampisini huishusha methadoni mwilini na utasikia arosto ukiwa umekunywa dawa. Baadhi ya dawa za VVU nazo hufanya hivyo. Daktari akijua, anarekebisha.

Siku ya dawa utapewa kikombe, utakunywa mbele ya muuguzi, atakusemesha kidogo ahakikishe umemeza. Dozi ya kwanza huwa ndogo, kwa kawaida haizidi miligramu 30, wakati wengi hutulia kati ya 60 na 120. Ndogo kwa makusudi. Methadoni hujilimbikiza mwilini taratibu, inahitaji siku nne au tano kuonyesha nguvu yake kamili, kwa hiyo wanaipandisha polepole ili isikuue.

Maana yake ni kwamba siku ya pili, ya tatu, ya nne utasikia haitoshi. Usiku utakuwa mrefu. Na kusita kule kule ulikodhani umekuacha getini kutarudi kukiwa na hoja mpya: "Unaona? Haifanyi kazi." Wengi wanakimbia hapa, si getini. Wengine hawakimbii ila wanaongezea kete jioni "kujazia". Kujazia ndiko kunakoua wiki ya kwanza, maana dawa ya jana bado imo. Badala yake, asubuhi mwambie muuguzi: nilitapika saa fulani, sikulala, jasho. Hayo ndiyo anayohitaji kuyajua ili akupandishie. Kunywa maji mengi, kula uji hata kama hautaki kushuka, oga maji ya moto. Mtu wako awe na wewe usiku wa siku hizo nne.

Tena usikubali kabisa methadoni ya mtu mwingine. Kipimo kinachomtuliza aliyeanza mwaka jana kinaweza kukusimamisha pumzi wewe.

Baada ya hapo

Wiki ya pili au ya tatu kuna asubuhi moja utaamka, utakaa kitandani, na hakuna kinachokuuma. Mimi nilipotea kidogo. Sikujua siku inatumiwaje. Hapo ndipo vikundi vinapofaa, mikutano ya NA, kikundi cha waraibu wanaosaidiana kuacha, kama ipo jirani, au kibarua chochote kinachoanza baada ya dawa. Choo kigumu na jasho jingi vinasumbua, kula mapapai, kunywa maji, umwambie daktari.

Siku za kukosa zitatokea. Msiba kijijini, mvua, nauli. Ukijua mapema, waambie kliniki wakupangie. Ukikosa siku tatu mfululizo au zaidi, usidai dozi yako ya zamani na usijifidie mtaani, kwa sababu uwezo wa mwili wako umeshuka. Na usibaki nyumbani kwa aibu ukihesabu siku zikawa kumi. Nenda dirisha la dawa kesho yake asubuhi, useme "nilikosa tangu Ijumaa". Watakushusha, watakupandisha upya, na muuguzi atakuandikia saa ya kurudi.